Nani Kasema Lazima Nishike Chaki?

Ndugu msomaji, kama umewahi kusoma hesabu ukapitiliza, swali hili unalijua. Utaulizwa harusini, utaulizwa kwenye daladala, utaulizwa hata kabla hujamaliza kuitikia salamu. Mimi mara ya mwisho niliulizwa msibani, Muheza. Nimekaa jamvini na akina shangazi tunachambua mchele, akapita mjomba wangu mkubwa na fimbo yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia umemaliza ile digrii ya pili."

"Nimemaliza, mjomba."

"Ya hesabu?"

"Ya hesabu."

"Haya. Sasa unafundisha wapi?"

Nikamwambia sifundishi, nipo Dar es Salaam, nafanya kazi kwenye kampuni ya bima. Mjomba akanitazama kwa huruma kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua. Kisha akamgeukia shangazi, akanong'ona kwa ile sauti ya kunong'ona inayofika hadi jikoni: "Masikini, kakosa nafasi ya ualimu."

Jamani! Nikachambua mchele wangu kimya, maana msiba ni msiba na mjomba ni mjomba. Lakini njia nzima ya kurudi mjini, ndani ya basi, nilikuwa nabishana naye kichwani. Na kwa kuwa siwezi kumkoromea mjomba, nakukoromea wewe msomaji. Univumilie.

Ninalolisema ni hili. Katika nchi yetu hisabati imefungiwa darasani. Mwalimu anamfundisha mwanafunzi, mwanafunzi anakuwa mwalimu, naye anamfundisha mwingine ili awe mwalimu. Mnyororo unazunguka, haufiki sokoni, haufiki hospitali, haufiki bandarini. Halafu tunamlaumu mtoto wa darasa la sita anapouliza, "Mwalimu, hizi hesabu zitanisaidia nini?" Amjibu nani, ikiwa mwalimu mwenyewe anachokijua ni kwamba zilimsaidia kuwa mwalimu?

Simtukani mwalimu. Ningemtukanaje, na ugali nilioulia umetoka kwenye chaki? Baba yangu alifundisha hesabu shule ya msingi miaka 36. Jioni alikuwa anarudi na vumbi jeupe kwenye nyusi, sisi watoto tukimwita "mzee wa unga". Anayetaka kufundisha kwa mapenzi na afundishe, Mungu ambariki, maana kazi hiyo inahitaji moyo kuliko akili. Ugomvi wangu ni na neno "lazima".

Hata wakubwa wa fani hii, wengi wao walipitia chaki. Agner Krarup Erlang wa Denmark alifundisha shule kwa miaka kadhaa kabla hajaingia kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908. Dorothy Vaughan alikuwa mwalimu wa hesabu huko Virginia, Marekani, mpaka mwaka 1943 alipochukuliwa kwenye kituo cha utafiti wa ndege cha Langley. Katherine Johnson naye alifundisha shule za watu weusi, akaingia Langley hiyohiyo mwaka 1953. Mwaka 1962 mwanaanga John Glenn alitaka kwanza mama huyo ayakague kwa mkono wake mahesabu yaliyofanywa na kompyuta, ndipo akubali kurushwa. Fikiri: roho ya mtu, chombo cha mamilioni ya dola, na wote wanamsubiri mwalimu wa zamani amalize kujumlisha.

Sasa tazama. Kwa mwanamke mweusi wa Virginia enzi zile chaki ilikuwa karibu mlango pekee, kwa sababu ubaguzi ulikuwa umeipigilia misumari milango mingine. Sababu inajulikana, na jina lake linajulikana. Je, sisi? Sisi nani katupigilia misumari?

Kabla sijajibu, nikusimulie aibu yangu, usije ukadhani nazungumza kutoka juu ya mnazi.

Baba alistaafu mwishoni mwa mwaka 2022. Sihitaji kumweleza Mtanzania yeyote neno kikokotoo. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi iliunganishwa, ikaja kanuni mpya ya mafao, watu wakapiga kelele nchi nzima, na mwisho wa mwaka huohuo Rais Magufuli akaisimamisha. Julai 2022 ikaja nyingine, ya mkupuo wa asilimia 33. Mwaka 2024 ikapandishwa hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa kwenye kundi la asilimia 50. Nesi alizungumzia kikokotoo, polisi alizungumzia kikokotoo, muuza kahawa ambaye hana mfuko wowote naye alikuwa na maoni yake.

Basi Baba akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya mtu anayemwomba mtoto wake msaada kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, wewe ndiye msomi wa hesabu. Hapa wameandika moja chini ya mia tano themanini, halafu kuna kumi na mbili nukta tano. Hii kumi na mbili nukta tano ni ya nini?"

Nikanyamaza.

Mimi! Mwenye masta! Niliyekaa miaka miwili nikithibitisha mambo ya nafasi za Banach ambazo hata ukiziota huzioni! Ningeweza kumjazia Baba ubao mzima wa alama za Kigiriki. Lakini namba moja iliyokuwa inaamua kama ataezeka nyumba yake au la, sikuijua ilikotoka. Nikamwambia, "Baba, hiyo ni fani nyingine." Akasema, "Ahaa, sawa mwanangu." Ile "sawa" yake mpaka leo inaniuma.

Usiku ule nilikaa chini nikaisoma. Wallahi, ilinichukua saa mbili tu, na si kwa sababu ya ugumu, ni kwa sababu nilikuwa nalia kidogo. Nakupa mfano, si mshahara wa Baba. Mtumishi kafanya kazi miezi 432. Wastani wa mshahara wake ni shilingi 900,000 kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka.

Kanuni ya zamani ya kundi lake: zidisha miezi 432 kwa mshahara wa mwaka, gawanya kwa 540, unapata pensheni kamili ya mwaka, shilingi 8,640,000. Nusu yake analipwa mkupuo, kwa kuzidisha kwa 15.5. Anaondoka na shilingi 66,960,000 mkononi, na kila mwezi anapata 360,000.

Kanuni ya mwaka 2022: gawanya kwa 580 badala ya 540. Mkupuo ni asilimia 33, na unazidisha kwa 12.5 badala ya 15.5. Anaondoka na shilingi milioni 33 na laki moja na ushee, na kila mwezi anapata kama 449,000.

Umeona? Mkupuo umekatika nusu, pensheni ya mwezi imeongezeka kama shilingi 89,000. Sasa piga hesabu ya mtoto wa darasa la saba: ile nyongeza ya kila mwezi itachukua muda gani kufidia milioni karibu 34 zilizopungua? Miezi 379. Miaka 31 na zaidi. Mtu anayestaafu na miaka 60 aishi mpaka 91 ndipo awe sawasawa, na hapo bado hujataja kwamba shilingi ya kesho si shilingi ya leo. Na ile 12.5 iliyomtesa Baba ni nini? Ni makadirio ya miaka ambayo mstaafu atakuwa anakula pensheni. Yaani humo ndani, katikati ya sehemu na desimali, wameandika umri wa Baba yangu.

Nitende haki. Waliotunga kanuni hawakuwa wachawi. Mfuko ukitoa kuliko unavyoingiza utakauka, na ukikauka atakayeumia ni mstaafu wa mwaka 2050, yaani mimi. Hiyo nayo ni hesabu, na ni hesabu ya kweli. Hoja yangu ni nyingine. Taifa zima liligombana juu ya mstari mmoja wa hesabu, na sisi wenye digrii za hesabu tulikuwa wapi? Tulikuwa darasani tukisahihisha madaftari. Wanasiasa walizungumza, wanasheria walizungumza, wachekeshaji walizungumza. Ni wangapi kati yetu walioichukua ile kanuni wakaitandaza mezani kwa Kiswahili, kama mama anavyotandaza khanga, wakasema: hapa ndipo unapopunjwa, hapa ndipo unapookolewa, chagua? Mimi sikuichukua. Baba alinipigia simu, nikamwambia ni fani nyingine.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama nje ya darasa kuna kazi ya mtu wa hisabati, ninacheka. Kazi zipo tele. Ila haziitwi hisabati. Zinavaa nguo nyingine, nawe ukipita barabarani huzitambui.

Nianze na kwangu. Leo asubuhi bodaboda kagongwa Mbagala. Karatasi za madai zitafika ofisini kwetu lini? Huenda baada ya wiki mbili, huenda miezi mitatu, maana kuna hospitali, kuna polisi, kuna mjomba anayezipeleka kwa basi. Lakini kampuni inatakiwa iwe imetenga fedha leo. Kwa ajali ambayo haijasikia habari zake! Kazi yangu ni kupanga madai ya miaka iliyopita kwenye jedwali, mwezi wa ajali huku, mwezi wa kulipwa kule, nikaona yanavyochelewa, nikakadiria yasiyofika bado. Nikikadiria kidogo, siku moja mjane atakuja dirishani akute sanduku tupu. Nikikadiria mno, bei ya bima inapanda na mwenye daladala anashindwa kulipa. Hiyo inaitwa takwimu bima. Ni fani ya siku nyingi: Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alitengeneza jedwali la vifo vya mji wa Breslau mwaka 1693 ili watu wajue bei ya haki ya pensheni. Kwetu Shirika la Bima la Taifa lilibaki peke yake sokoni tangu mwaka 1967 mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa wengine. Milango ilifunguliwa, sisi tukabaki tumesimama uani.

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kabla hakijafika, boti za Zanzibar zikasimama. Watu walidhani ni mashine tu inayotazama mawingu. La hasha! Ndani ya ile mashine kuna milinganyo ya upepo, joto na mgandamizo, inayokokotolewa hatua kwa hatua. Mwingereza Lewis Fry Richardson aliitungia kitabu kazi hiyo mwaka 1922, na kwa kuwa kompyuta hazikuwepo, akaota ukumbi mkubwa wenye watu 64,000 wakipiga hesabu kwa pamoja ili wawahi kuitabiri hali ya hewa kabla haijatokea. Ninyi waandishi wa hadithi, hebu niambieni, nani kati yenu ameota ndoto kubwa kuliko hiyo?

Na wewe uliyewahi kusimama Kimara saa kumi na mbili asubuhi ukisubiri mwendokasi, unajua foleni. Yule Erlang niliyemtaja, mwalimu aliyeacha chaki, mwaka 1909 alitoa kazi yake juu ya simu zinazogombania laini chache, na hapo ndipo elimu ya foleni ilipoanzia. Chukua mfano mwepesi, dirisha moja la tiketi na watu wanaofika bila mpangilio. Dirisha likiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, kwa wastani utakuta watu 4 pale, pamoja na anayehudumiwa. Likifika asilimia 90, ni watu 9. Asilimia 95, watu 19. Umeongeza wateja kidogo tu, foleni imeongezeka zaidi ya mara mbili! Ndiyo maana kituo kinachoonekana "kinatosha" kwenye karatasi ni kituo ambacho mama mjamzito anazimia. Meneja anayejua hilo hawezi kukwambia eti abiria hawana subira.

Nikuongezee malaria? Ronald Ross ndiye aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye mbebaji, akapata Nobel mwaka 1902. Lakini yeye mwenyewe aliithamini sana hesabu aliyoiandika baadaye, mwaka 1911, iliyoonyesha kwamba si lazima umuue kila mbu. Inatosha uwapunguze chini ya kiwango fulani, ugonjwa utakatika wenyewe. Mpaka leo mjadala wa vyandarua na dawa za kupulizia unapita katika njia ile. Na simu yako ya mkononi? G. H. Hardy wa Cambridge aliandika mwaka 1940 akijivunia kwamba nadharia ya namba haina matumizi ya kivita. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wakatumia namba tasa kutengeneza kufuli la siri, na leo kufuli za ukoo huo zinalinda siri na fedha zinazosafiri hewani duniani kote. Namba tasa, zile tulizokaririshwa bila kuambiwa sababu.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi. Wapo waliotutambua mapema. Unajua akina nani? Wenye kampuni za kubeti.

Kaka yangu mdogo anabeti. Kila Jumamosi anatengeneza mkeka. Siku moja nikamkalisha kitako. Chukua mechi ambayo pande mbili zina nguvu sawa, odi ni 1.85 huku na 1.85 kule. Kama mchezo ungekuwa wa haki, odi ingekuwa 2. Kwa hiyo kila shilingi 1,000 unayoweka, kwa wastani zinarudi 925. Si mbaya, eti? Haya, panga mkeka wa mechi 10 za namna hiyo. Zidisha 0.925 kwa yenyewe mara kumi. Inabaki 0.459 hivi. Ile 1,000 yako, kwa wastani wa mikeka mingi, inarudi 459. Kabla mpira haujapigwa, zaidi ya nusu ya pesa yako imeshaondoka. Na ndiyo maana wanakupa bonasi ukiongeza mechi!

Kaka akanitazama kwa muda. "Dada, sasa hii kwa nini hamkutufundisha shuleni?"

Nimjibu nini? Nimwambie shuleni tulikuwa tunatafuta x? Mtu aliyepanga zile odi anajua hisabati, analipwa vizuri, na anaijua vizuri Jumamosi ya kaka yangu. Sisi tukikataa kutoka nje ya darasa, hisabati itatoka yenyewe, na itatoka ikiwa imeajiriwa na upande wa pili.

Turudi kwenye misumari. Nani kapigilia? Nawataja watatu, na mmoja ni mimi.

Wa kwanza ni mwajiri. Nilikwenda kwenye usaili wa benki moja hapa mjini, siitaji. Bwana mmoja mwenye tai nzuri akakishika cheti changu kama karanga yenye ukungu. "Hesabu tupu? Bila uhasibu?" Nikamwambia ndiyo. "Sasa dada yangu, sisi hapa hatuna shule." Wenzake wakacheka. Nyuma yake ukutani kulikuwa na bango la mikopo ya vijana, na mimi najua kwamba nani apewe mkopo na nani anyimwe ni swali la hisabati kutoka mguu hadi utosi. Hakujua kwamba analihitaji alichokishika. Matangazo ya kazi nayo ni yaleyale: uhasibu, uchumi, biashara "au fani inayofanana". Hisabati, mama yao wote, haifanani!

Wa pili ni vyuo. Nilikosomea mimi, hakuna siku hata moja niliyopewa data chafu za kweli, za mahali penye jina, nikaambiwa: haya, safisha, kisha utuambie kuna nini. Mtihani ulikuwa "thibitisha", na mwaka uliofuata "thibitisha" ileile kwa herufi nyingine. Kuthibitisha ni uti wa mgongo, sikatai. Lakini mtu hatembei kwa uti wa mgongo peke yake, anahitaji na miguu.

Wa tatu ni sisi wenyewe, na hapa sitafuni maneno. Tunaringa! Mimi nilikuwa nawacheka wenzangu wa takwimu, nikiwaita wahesabu kuku. Somo la programu za kompyuta nilitoroka, nikisema ni kazi ya mafundi. Mafundi! Baada ya usaili ule niliomba kompyuta ya binamu, nikajifunza Python usiku kwa miezi minane, mchana nikiwafundisha watoto wa watu tuisheni ili nipate kodi ya chumba. Ndiyo, nilishika chaki, na ilinilisha, siidharau. Lakini ile miezi minane niliidaiwa na kiburi changu.

Kwa hiyo, wewe uliye mwaka wa tatu chuoni, au uliyemaliza masta umekaa nyumbani unasubiri ajira ya serikali, nakuambia kama dada. Jifunze lugha moja ya kompyuta mpaka uiote. Jifunze takwimu hata kama zinakuchosha. Ukitaka bima na pensheni, ujue kuna mitihani ya kimataifa, kama ile ya Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza. Ni mingi, ina gharama, basi anza na mmoja. Ukitaka kusoma zaidi katika mkondo wa kutumia, tazama taasisi ya AIMS iliyoanzishwa Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003, ambayo tangu mwaka 2016 iko pia Kigali, si mbali. Na ukienda kuomba kazi usiseme "nimesoma hisabati". Hapo ndipo wanapokutafutia ubao. Sema shida: "Malori yenu yanarudi matupu, naweza kuyapangia njia." "Dawa zinaisha stoo kabla ya mwezi, naweza kukadiria." Anza na kidonda cha mtu, kisha umwonyeshe dawa. Hata mganga wa Muheza anajua hivyo.

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Mshahara wangu haujafika hata wa wale uwasikiao. Meza yangu iko karibu na choo. Wapo wenzangu wenye akili kunizidi ambao wamegonga milango mpaka vifundo vimeota sugu. Simlaumu aliyechoka akarudi kwenye chaki. Namlaumu anayemwambia mtoto kwamba hakuna kingine.

Utaniuliza, mambo haya yanahusu nini gazeti la waandishi? Yanahusu sana! Wewe uliyesoma Kiswahili na fasihi, ukirudi kwenu wanakuuliza nini? "Unafundisha wapi?" Ahaa. Kumbe tumepanda basi moja. Wewe unahesabu mizani, nane huku na nane kule, ukikosa moja shairi linachechemea. Mimi nahesabu miezi na vifo. Wote wawili tunaambiwa kwamba tunachokijua hakina kazi isipokuwa kumpa mwingine naye asiwe na kazi nacho.

Na kuna jambo nalihitaji kutoka kwako. Siku ile Baba alipouliza kuhusu 12.5, sikushindwa hesabu. Nilishindwa maneno. Sikuwa na Kiswahili cha kuieleza ile namba, kwa kuwa hisabati yangu yote niliimeza kwa Kiingereza, ikakaa tumboni bila kuyeyuka. Mtu wa hisabati asiyeweza kusema kwa lugha ya mama yake anachokifanya, atabaki darasani tu, kwa sababu darasani ndiko mahali pekee ambako mtu hulazimika kumsikiliza bila kumwelewa. Ninyi wa kalamu mnajua kufungua maneno. Njooni tufungue pamoja: kikokotoo, bima, mkeka, mikopo ya simu, foleni ya hospitali. Kila mojawapo ina hadithi ndani yake, na kila hadithi ina namba inayomtesa mtu.

Nilirudi Muheza sikukuu iliyofuata. Nikamkalisha Baba barazani, nikachukua daftari, nikamwandikia yote: 432, 580, 12.5, 33. Kwa Kiswahili, polepole. Akafuata kwa kidole, akanikosoa mahali nilipokosea kujumlisha, ualimu haumtoki mtu. Alipomaliza akavua miwani. Fedha haikuongezeka hata shilingi. Lakini akasema, "Sasa najua wamenifanyia nini." Jirani yake, naye mstaafu, akauliza kama nitakuwepo kesho, alete karatasi zake. Kesho yake walikuja watano.

Mjomba naye alipita na fimbo yake. Akasimama, akatutazama sisi sote tumeinamia daftari moja. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nilisema mimi," akamwambia Baba. "Huyu ni mwalimu."

Nimeshindwa, jamani. Mwenye hoja ya kumjibu mjomba aniandikie.